Kusimamisha Bila Kuvunja

Mlalamikie mtu yeyote kwamba kompyuta yako imeganda, jibu la kwanza utakalopata ni "zima, washa." Fundi wa mjini atakwambia hivyo, karani wa ofisi ya kata atakwambia hivyo, na mtoto wa darasa la sita aliyezoea kuchezea simu ya mama yake atakwambia hivyo hivyo. Mara nyingi ushauri huo unafaa. Skrini inarudi, kazi inaendelea, na hakuna anayeuliza kilichopotea. Mimi nauliza. Kitu kikishakwenda mbio na kushindwa kujisimamisha chenyewe, tutakisimamishaje bila kuharibu ile kazi kiliyokuwa kikiifanya?

Swali hili lilinikaa sawasawa nilipokuwa Itiryo, kata ya Wilaya ya Tarime iliyo upande wa milimani, ambako mpaka wa Kenya hauko mbali. Kando ya barabara palikuwa na steshenari ya chumba kimoja: kompyuta ya mezani, printa, mashine ya fotokopi, na kitambaa cha buluu ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti. Mwenye duka ni kijana aliyemaliza kidato cha sita, ambaye jioni wateja wakipungua hujifunza kuandika programu kwa lugha ya Python kwa kutazama video kwenye simu. Mwalimu wake wa zamani alikuwa amemletea flashi yenye alama za wanafunzi. Kijana akaandika programu fupi ya kusoma alama za kila mwanafunzi, kutafuta wastani na kuandika matokeo kwenye faili la ripoti. Akaianzisha. Punde skrini nyeusi ikaanza kumwaga mstari uleule, juu hadi chini, bila kukoma: "Kuna kosa, najaribu tena. Kuna kosa, najaribu tena."

"Mura, chomoa waya tuanze upya," mwalimu alisema, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye soketi.

"Samahani mwalimu, naomba usubiri kidogo. Flashi yako bado imo ndani."

Akabonyeza Ctrl pamoja na C, vitufe vya kuiomba programu iache kazi. Mistari ikaendelea kumwagika. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama vile nguvu ya kidole ingeongeza uzito wa ombi. Hakuna kilichobadilika.

Baadaye tulisoma maagizo yake mstari kwa mstari, na sababu ikajitokeza. Mwanafunzi mmoja hakufanya mtihani, na mahali pa alama mwalimu alikuwa ameandika "hayupo." Programu ilitarajia namba, ikakuta neno, ikashindwa. Kijana alikuwa ameiagiza kwamba ikishindwa ijaribu tena palepale, ila hakuiambia ijaribu mara ngapi. Tena aliiagiza inase kosa la aina yoyote. Sasa, katika Python ombi la Ctrl na C huifikia programu kwa njia ileile yanayopita makosa. Ukinasa makosa yote bila kubagua, umelinasa na ombi la kusimama. Kwa hiyo programu ilikuwa ikimsikia kijana kila alipobonyeza. Ilimsikia, ikaandika "kuna kosa," ikarudi kazini. Nia yake ilikuwa njema kabisa: hakutaka programu ikate tamaa kwa jambo dogo. Lakini alitengeneza kitu kisichojua kukata tamaa hata kinapoombwa na aliyekitengeneza.

Kabla ya kuchukua hatua nyingine, kijana alifanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi. Alifungua kabrasha la kazi na kutazama faili la ripoti. Ukubwa wake ulikuwa sifuri. Wanafunzi waliomtangulia yule "hayupo" walikuwa wameshapatiwa wastani, lakini matokeo yao hayakuwa yamefika kwenye diski. Python huandika faili kwa mafungu: hukusanya maneno kwenye kumbukumbu, kwa kawaida kilobaiti 8 au zaidi, ndipo huyatua kwenye diski kwa mkupuo. Majina machache ya kidato kimoja hayajazi fungu hilo. Angechomoa waya wakati ule, angekuta faili tupu.

Akafungua orodha ya programu zinazofanya kazi kwa Ctrl, Shift na Esc, akaichagua Python, akaifunga kwa nguvu. Skrini ikatulia. Na ripoti je? Ilikuwa tupu, kama alivyojua kwamba itakuwa. Lakini alama za mwalimu hazikuguswa, kwa sababu tangu mwanzo aliifungua flashi kwa kusoma tu, na matokeo aliyaelekeza kwenye faili jingine. Kilichopotea ni kazi ya sekunde chache inayoweza kurudiwa. Kama angeandika matokeo juu ya alama zilezile, kama wengi tunavyofanya tukiwa na haraka, mwalimu angerudi nyumbani na flashi yenye faili lililoharibika na rundo la karatasi za kuanza kujumlisha upya.

Hapo ndipo nilipoona jambo ninalotaka kulisema hapa. Njia aliyotumia mwishoni ilikuwa ya nguvu, na haikudhuru kitu. Usalama wake ulikuwa umeshawekwa kabla programu haijaanza, pale alipochagua wapi pa kusoma na wapi pa kuandika. Tunapozungumzia kusimamisha mashine salama, akili hukimbilia kwenye kitufe cha mwisho na mkono unaokibonyeza. Sehemu kubwa ya usalama huo imo kwenye mistari iliyoandikwa mapema, na mtu ambaye wakati huo alikuwa akifikiria kuanza tu.

Kuna ugumu mwingine unaotangulia huo. Utajuaje kwamba programu imenasa kwenye mzunguko, na si kwamba ina kazi ndefu? Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee, alichapisha hoja ya kihisabati ambayo imekuwa msingi wa fani nzima ya kompyuta. Kutokana na hoja hiyo tunajua kwamba hakuna kanuni moja inayoweza kuchunguza programu yoyote ile na kusema bila kukosea kama siku moja itasimama au itazunguka milele. Si kwamba kanuni hiyo bado haijagunduliwa. Haiwezekani kuwapo. Nalipenda jambo hili kwa dhati, kwa sababu linamwachia binadamu kazi ya kupima. Kompyuta yako ikikaa kimya dakika kumi, hakuna mashine itakayokuhakikishia kila mara kama usubiri au uikate. Utatazama dalili: taa ya diski inamweta au imezima? Faili linakua? Namba zinazotokea zinabadilika, au ni zilezile? Kijana wa Itiryo alijua imenasa kwa sababu mstari ulikuwa mmoja tu. Programu ndefu iliyo hai huacha nyayo zinazosogea.

Na hata makampuni makubwa hunaswa. Tarehe 31 Desemba 2008, vifaa vya kusikilizia muziki vya Zune vya gigabaiti 30, vilivyotengenezwa na Microsoft, viliganda duniani kote siku hiyohiyo. Saa ya kifaa ilihesabu siku tangu mwaka 1980, na ili kupata mwaka uliopo ilipunguza siku za mwaka mmoja mmoja: maadamu siku zilizobaki zimezidi 365, endelea, kama mwaka ni mrefu na siku zimezidi 366, punguza 366. Mwaka 2008 ulikuwa mrefu, na siku hiyo ilikuwa ya 366. Zimezidi 365? Ndiyo, endelea. Zimezidi 366? Hapana, basi usipunguze. Rudi mwanzo. Zimezidi 365? Ndiyo. Hesabu ikazunguka bila kitu chochote kubadilika. Ushauri wa Microsoft kwa wateja ulikuwa mmoja: acheni betri iishe, subirini hadi baada ya adhuhuri ya Januari 1 kwa saa za Greenwich, kisha chajini. Kifaa hakikuwa na mlango wa kutokea ndani ya mzunguko wake, kwa hiyo watu walisubiri kizimike chenyewe na tarehe ibadilike.

Waliotengeneza mfumo wa Unix, ulioanza katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani mwaka 1969, walilifikiria jambo hili kwa makini. Kwenye mifumo iliyotokana na kazi yao, programu husimamishwa kwa ishara zenye namba. Ishara namba 2 ndiyo ile ya Ctrl na C, inayomaanisha mtumiaji ameomba uache. Namba 15 ni amri ya kumaliza, lakini programu inaruhusiwa kuipokea, kufunga mafaili yake, kuaga seva iliyokuwa ikizungumza nayo, kuandika mahali ilipofikia, ndipo iondoke. Namba 9 haipokelewi wala hainaswi. Programu haipewi nafasi ya kufanya lolote. Mfumo unaiondoa kwenye kumbukumbu papo hapo. Mtu aliyelelewa vizuri katika kazi hii huanza na 2 au 15, husubiri, na 9 huwa ya mwisho. Mifumo mingi ya Linux inapozimwa hufuata mpangilio uleule: kila huduma hupewa ishara ya kumaliza na muda, kwa kawaida sekunde 90, ikishindwa ndipo huondolewa kwa nguvu. Nafurahi kila ninapoikumbuka namba hiyo. Kuna mhandisi aliyekaa akajiuliza, huyu tunayemwomba aondoke apewe muda gani wa kukusanya vitu vyake?

Wala si habari ya mbali. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, na mtu yeyote anayepita barabara ya Itiryo na simu ya kupangusa ana ishara hizo mfukoni mwake. Programu ikikaa sekunde 5 bila kuitikia mguso, simu humuuliza mwenyewe: ufunge au usubiri? Ni swali la Turing, limeletwa mpaka kwenye kiganja cha muuza dagaa.

Jirani na ile steshenari kuna mashine ya kusaga ya dizeli, na mwendeshaji wake anayajua haya yote bila kuwa na kompyuta. Hazimi injini mahindi yakiwa tumboni mwa mashine. Huacha kwanza kumimina, husikiliza mlio ukibadilika vinyundo vinapobaki vitupu, ndipo hushusha mafuta. Akizima katikati, punje hubana vinyundo, na kesho yake mkanda utateleza na kuungua kabla mashine haijazunguka. Mteja anayesubiri unga wake huona zile dakika mbili za mwisho kama uzembe. Ndizo zinazoifanya mashine iwake asubuhi.

Ukitaka kuona gharama ya kutojua pa kusimamia, tazama kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital ya Marekani. Asubuhi ya Agosti 1, 2012, programu mpya ilikuwa imewekwa kwenye seva saba kati ya nane. Seva ya nane ilibaki na programu ya zamani, ambayo ilikuwa imeachwa kutumika kwa miaka. Hesabu ya kuiambia "agizo limetimia, acha" ilikuwa imeondolewa mahali pake mwaka 2005 na kuhamishiwa kwingine, na hakuna aliyeijaribu tena. Soko lilipofunguliwa, seva hiyo ikaanza kununua na kuuza bila kikomo. Mafundi walipohangaika kuizuia, waliondoa programu mpya kwenye zile saba zilizokuwa nzima, na kwa kitendo hicho wakazirudisha zote kwenye ugonjwa wa ile ya nane. Kwa takriban dakika 45 ilifanyika miamala zaidi ya milioni 4, na hasara ikazidi dola milioni 460. Kuna watu pale waliotaka kusimamisha kwa moyo wao wote, na walikuwa na ujuzi. Hakuna aliyekuwa amewaandalia kitufe, wala amewafundisha wakibonyeze katika hali gani.

Sisi wenyewe tuliwahi kuchomoa waya, tena nchi nzima.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ICT 1500 ya kampuni ya Uingereza. Baadaye Hazina ilihamishia hesabu za Serikali kwenye mitambo ya ICL. Mambo hayakwenda. Taarifa zilitoka pungufu, hesabu zikavurugika, wataalamu wengi walikuwa wageni wa kukodishwa, na fedha zikaendelea kutoka. Wakubwa walijikuta mbele ya kitu kinachozunguka na kula, ambacho hakuna mtu wa nyumbani aliyejua kukirekebisha kikiwa kinakwenda. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Aliyezihitaji alilazimika kuomba kibali. Hesabu za Hazina zikarudi kwenye vitabu na mikono ya makarani. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa miaka ya 1980.

Nimesikia watu wakiicheka hatua hiyo, na mimi siicheki. Nchi changa, iliyokuwa na upungufu wa fedha za kigeni, iliona hasara ikakata. Anayeona maji yanaingia ndani ya nyumba hana wajibu wa kusubiri mpaka ayaelewe. Walilaumiwa kwa kusimamisha, na kwa maoni yangu hapo ndipo lawama ilipokosea njia. Uzito uko kwenye yale yasiyofanyika miaka iliyotangulia. Kazi nzima ilihamishiwa kwenye mashine kabla watu wa kutosha hawajafundishwa kuisoma, na pasipo njia iliyopangwa ya kurudi nyuma hatua moja, ya kuzima sehemu moja huku nyingine zikiendelea. Mfumo uliojengwa hivyo ulibakiza chaguo mbili: uachwe uzunguke, au ukatwe wote. Hazina ilichagua ishara namba 9, kwa sababu 2 na 15 hazikuwa zimewekwa. Gharama iliangukia wengine: vijana wa miaka hiyo ambao wangejifunzia kwenye mashine hizo na hawakuziona.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kufikiria kusimama ni kazi ya wasio na imani na kazi yao. Mtu anayeandika programu ya mishahara ya walimu wa wilaya, ya dawa za zahanati au ya mikopo ya kwenye simu anaandika kitu ambacho siku moja kitakwama, pengine umeme ukikatika katikati ya usiku, pengine kwa sababu ya neno "hayupo" mahali pa namba. Wajibu wake kwa watu hao ni kuandika mapema kitakachotokea saa hiyo. Hifadhidata nzuri hufanya hivyo: huandika kwanza kwenye daftari lake la pembeni inachokusudia kufanya, ndipo hukifanya, ili waya ukichomolewa ghafla ijue ikiwaka ni kipi kilikamilika na kipi kifutwe. Fedha iliyotolewa kwenye akaunti moja bila kufika kwenye nyingine hurudishwa ilikotoka. Mteja hajui kwamba kuna mtu alikaa miaka mingi iliyopita akamfikiria.

Kijana wa steshenari alirekebisha programu yake jioni hiyohiyo. Alibadilisha mambo matatu. Ijaribu mstari mara tatu, ikishindwa iandike jina la mwanafunzi pembeni na kusonga mbele. Inase kosa la namba peke yake, ili ombi la kusimama lipite. Na kila ikimaliza mwanafunzi mmoja, matokeo yake yatuliwe kwenye diski hapohapo. Aliianzisha tena, ikaenda, na katikati akabonyeza Ctrl na C makusudi. Ikasimama. Akafungua ripoti: wanafunzi wote waliokwisha kusomwa walikuwemo, na wa mwisho alikuwa kamili, jina, alama na wastani. Mwalimu alivuta kiti akasogea karibu na skrini kuliko alivyosogea mchana kutwa. "Iwashe tena," akasema, "halafu unionyeshe mimi nibonyeze."

Somo la kompyuta katika shule nyingi hufundisha sehemu za mashine, jinsi ya kuiwasha, jinsi ya kuizima kwa utaratibu, kisha uandishi wa barua na majedwali. Wanaofika kwenye programu hufundishwa mzunguko unavyoanza, na mfano wa kitabuni husimama wenyewe kwenye namba 10. Mwanafunzi anatoka shuleni hajawahi kukutana na programu iliyogoma kusimama, na anapokutana nayo kazini, mbele ya mafaili ya watu, analo jibu moja tu alilolichukua mtaani.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wa kompyuta, wa Tarime na wa kwingine: kipindi cha kwanza cha mizunguko, wapeni wanafunzi programu isiyo na mwisho. Iacheni izunguke. Waulizeni wanajuaje kwamba imenasa, na faili wanaloliandika lina ukubwa gani wakati huo. Waacheni waiombe isimame, waone inapokubali na inapokataa, kisha waitafute sababu kwenye mistari yao wenyewe. Kompyuta moja na kipindi kimoja vinatosha kwa somo hilo, na linaweza kuanza muhula huu.